Siku moja na ndoo 46 za nyanya, Tanga

Saa 11:30 alfajiri. Adhana imekwisha, chai bado. Natoka na tochi kwenda kuziona ndoo. Ni Februari, kaskazi imeshika, usiku kucha sikujifunika hata kanga. Ndoo zangu ni zile za rangi, za lita 20, nimezitoboa chini na kuzijaza udongo, samadi ya mbuzi iliyooza na makumbi ya nazi niliyoyachambua. Ziko 28 ndani ya banda, nyingine uani. Watu wa Makorora hunicheka: ardhi ipo, ndoo za nini? Leo jibu limejileta lenyewe.

Ndoo ya 19 imelala. Majani ni mabichi, hayana njano wala doa, ila yamening'inia kama nguo iliyoloa. Nyanya yenye kiu hulala saa 8 mchana, usiku ikaamka. Inayolala alfajiri, tena udongo wake una unyevu, hiyo ina lake jambo.

Saa 12. Kumwagilia, lita moja na nusu kila ndoo, jioni narudia. Maji yetu ya bomba hutoka bwawa la Mabayani, mto Zigi, nami huyakinga usiku kwenye pipa. Kisima cha jirani kina chumvi, nilipokitumia kingo za majani ziliungua. Nikiruka siku mbili kisha nikamwaga maji kwa pupa, matunda huoza kitako, jeusi tii. Kila mtu ataniambia nizike maganda ya mayai. Nimezika sana! Ganda huchukua miezi kuoza, na tunda linaharibika kwa siku chache. Kalsiamu hupanda na maji, basi nampa mche maji kila siku, sina uganga mwingine.

Saa 1:30. Nakata shina la ile ya 19, kipande cha urefu wa kidole, nakining'iniza kwa uzi ndani ya bilauri ya maji safi, naiweka dirishani. Nakaa na chai na mhogo wa kuchemsha. Kikombe hakijafika nusu, pale palipokatwa panashuka uzi mweupe kama tui, taratibu, mpaka chini ya bilauri. Mnyauko bakteria.

Huo haunyunyiziwi dawa ukapona. Uani kwangu umo ardhini tangu uliponimalizia matuta manne, na hukaa kwenye udongo miaka. Ukipanda biringanya au pilipili hapo, nazo zinakwenda, ni ukoo mmoja na nyanya. Ndiyo maana ya ndoo: ugonjwa ukiingia moja, naitoa hiyo moja. Mche nauchoma, udongo nautia kwenye kiroba nafunga, kisu nakiloweka kwenye maji ya jiki. Ya 18 na ya 20 zimesimama, kwa leo.

Saa 4 asubuhi. Bandani. Mwanzo nililifunika nailoni pande zote, nilivyoona kwa watu. Huko Lushoto sawa, usiku unatafuta blanketi. Mimi nilijijengea tanuri. Maua yalitoka kwa fujo, manjano ya kupendeza, yakadondoka yote. Nyanya haishiki tunda vizuri mchana ukipita nyuzi 32 na usiku ukikataa kushuka chini ya 21, na Februari ya Tanga ndivyo ilivyo. Siku hizi nailoni iko juu tu, ya mvua, na neti ya kivuli juu yake; pembeni kote ni neti, hewa ipite. Bado ndoo za humo hubeba kidogo msimu huu kuliko wakati wa kusi.

Neti hiyo inazuia nyuki pia, na upepo unafika umechoka. Natikisa maua mwenyewe, nagonga kamba ya kila mche kwa kijiti. Alfajiri haifai, unyevu wa pwani huigandisha chavua. Saa hizi imekauka: ukikinga ukucha chini ya ua unaona vumbi la manjano.

Saa 6 hadi 9. Nalala. Jua hili si la kushindana nalo.

Saa 10 jioni. Nachuma. Mama ntilie wa mtaa wa pili amekwishafika.

"Shikamoo mama."

"Marahaba mwanangu. Zipo ngapi?"

"Sado mbili. Na masalo nusu sado, zimepasuka."

"Mgandini za Lushoto zimejaa, bei imeshuka."

"Zile zimepanda gari, mama. Hizi zimetoka kwenye shina sasa hivi."

Anaiminya moja, anainusa. "Haya. Na hayo masalo nipe, nitasagia rojo." Masalo hayalipiwi, tumeshazoeana.

Saa 1:30 usiku. Beseni la maji ya sabuni, taa ya sola juu yake, ndani ya banda. Ni mtego wa kantangaze, yule nondo aliyeingia nchini mwaka 2014, ambaye funza wake huishi katikati ya jani. Ukiliinua juani unamwona anatembea ndani. Saa 3 nahesabu walioelea: 11. Jana walikuwa 4.

Nazunguka neti na tochi. Nyuma, karibu na nafasi iliyoachwa na ndoo ya 19, kuna tundu la kupita paka, na manyoya yake yamenasa. Nachukua sindano ya magunia, natia tochi mdomoni, nashona.