Siku moja maishani mwangu: mwalimu wa Hisabati na jibu la hasi nusu

Jirani yangu huniona nikirudi saa kumi jioni, akaniambia kwamba sisi walimu tumepata kazi ya nusu siku. Ninafundisha Hisabati Kidato cha Kwanza katika shule moja ya kata mkoani Morogoro, na siku ninayoieleza hapa ilikuwa ya kawaida kabisa: somo lilikuwa mteremko wa mstari mnyoofu, yaani kiasi ambacho mstari unapanda au kushuka kwa kila hatua moja kwenda kulia.

Saa kumi na moja alfajiri niliamka, saa moja nilikuwa mstarini na wanafunzi, na saa moja na nusu nilikuwa nimeshika chaki mbele ya darasa lenye wanafunzi zaidi ya 80. Watoto hawa walisoma hesabu kwa Kiswahili hadi darasa la saba, na sasa wanakutana na alama za x na y ndani ya maelezo ya Kiingereza, kwa hiyo mimi huanza na jambo wanalolijua. Niliandika nauli ya bodaboda: shilingi 1,000 za kuanzia na 500 kwa kila kilomita, yaani y = 500x + 1000, x ikiwa kilomita na y ikiwa nauli. Kilomita nne ni shilingi 3,000. Kijana mmoja wa nyuma akanyoosha mkono: "Mwalimu, usiku hakuna anayekubali bei hiyo." Darasa likacheka, lakini hoja yake ilikuwa nzuri kuliko mfano wangu. Niliwauliza dereva wa usiku anaongeza wapi. Akiongeza 1,000 juu ya kila safari, mstari unapanda wote na kukata mhimili wa y kwenye 2,000, huku mteremko ukibaki uleule. Akipandisha bei ya kila kilomita kuwa 700, mstari unaanzia palepale ila unasimama wima zaidi. Walibishana hadi kengele ikalia.

Saa nne tulikunywa chai. Mkondo wa pili ulipita kama wa kwanza, isipokuwa sauti yangu ilikuwa imeanza kukauka.

Saa nane nilikaa na madaftari, na hapa ndipo siku huisha nguvu. Swali la kitabuni lilikuwa fupi: tafuta mteremko wa mstari unaopita kwenye nukta (2, 5) na (6, −3). Tofauti ya y ni −3 − 5, yaani −8. Tofauti ya x ni 6 − 2, yaani 4. Ukigawanya ya y kwa ya x, jibu ni −2. Walioandika 2 hawanisumbui, kwa sababu najua walianza na nukta moja kwenye kutoa y na nyingine kwenye kutoa x, na wangechora mstari kwanza wangeuona unashuka. Wanaonimaliza ni wale wa hasi nusu. Wapo waliogeuza sehemu, wakagawanya 4 kwa −8. Wapo waliopanga kila kitu sawasawa, kisha wakaandika kwamba −3 − 5 ni −2, kana kwamba mwenye deni la 3 akikopa tena 5 deni linapungua, wakagawanya kwa 4. Jibu ni lilelile, ugonjwa ni tofauti: wa kwanza hajaelewa mteremko ni nini, wa pili ameuelewa vizuri lakini namba hasi zinamwangusha. Nikiweka mkasi, yaani alama ya kosa, na kupita, wote wawili wataondoka wakidhani wamekosea kitu kimoja. Kwa hiyo nasoma njia, mstari kwa mstari, daftari baada ya daftari, na macho yanauma. Binti mmoja aliandika hasi nusu bila njia yoyote. Nilimwita kabla hawajatawanyika, nikamuuliza amefikaje hapo. "Nimeangalizia, mwalimu." Angalau alisema kweli, nami nikabaki na kazi ya kumtafuta aliyeangaliziwa.

Madaftari yaliyobaki niliyabeba nyumbani kwenye mfuko wa sandarusi, na jirani alinisalimu kwa maneno yake yaleyale. Nilimaliza baada ya chakula cha usiku, sikumbuki saa ngapi, kisha nikaandaa swali la kesho kwa nukta (1, 4) na (4, −2). Jibu sahihi ni −2 tena, lakini atakayegeuza sehemu atapata hasi nusu, atakayekosea kutoa atapata hasi theluthi mbili, na atakayechanganya nukta atapata 2.