Flashi iligoma, kumbe shida ni mpangilio

Ndugu zangu, leo nina furaha. Kompyuta ya mwalimu jirani yetu hapa Mwanga, Kigoma, Windows ilikufa, na ndani kulikuwa na mitihani ya wanafunzi wake. Mpango ulikuwa kuiwasha kwa Ubuntu (mfumo wa kompyuta wa bure, badala ya Windows) kutoka kwenye flashi ili tuokoe mafaili kwanza.

Flashi tuliyoazimwa ikagoma. Kwenye kompyuta yangu ya zamani inawaka vizuri kabisa, kwa ya mwalimu haionekani hata kwenye orodha ya vifaa vya kuwashia. Maana yake flashi si mbovu. Tatizo ni kwamba ilikuwa imefomatiwa kwa NTFS, mpangilio wa mafaili unaotumiwa na Windows. Ile ya zamani inatumia BIOS (programu ya zamani ya kuanzisha kompyuta), ya mwalimu ni UEFI (ya kisasa inayochukua nafasi ya BIOS), na UEFI hutafuta faili la kuwashia ndani ya folda ya EFI kwenye FAT32, mpangilio mwingine wa mafaili. UEFI nyingi haziwezi kabisa kusoma NTFS.

Nikaitengeneza upya kwa Rufus, programu ya kutengeneza flashi za kuwashia: nikachagua GPT (namna ya kugawa diski), UEFI, FAT32. Ikawaka!

Wengi hukimbilia kuzima Secure Boot, ulinzi wa UEFI unaozuia mifumo isiyo na sahihi kuwaka. Jamani, msiwe na haraka. Ubuntu ina sahihi ya kidijitali inayokubalika, mara nyingi inapita bila kugusa chochote. Na kama diski imefungwa kwa BitLocker (ulinzi wa Windows unaofunga diski kwa siri), kubadilisha mpangilio huo kunaweza kukufanya uombwe ufunguo ambao mwenye kompyuta hajui aliuweka wapi.

Mitihani yote ipo. Mwalimu ameshainakili kwenye diski ya nje, kesho tunaweka Windows upya.