Kadi Nyekundu Wodini

Cheo cha muuguzi mfawidhi wa wodi ya wazazi nilikipata mwaka 2012 kwa barua ya mistari mitatu. Aliyekuwa na cheo hicho alihamishwa ghafla, na katika waliobaki mimi ndiye niliyekuwa na stashahada. Jana yake nilikuwa nagombania zamu na wenzangu, kesho yake napanga zamu zao. Chuoni tulifundishwa kumzalisha mama na kusoma patografu, ile chati ya kufuatilia uchungu, lakini sikumbuki hata kipindi kimoja cha namna ya kumwambia mtu aliyekuzidi miaka ishirini kwamba amechelewa kazini. Kwa miezi minne niliongoza kwa kununa.

Ndiyo maana Metroni aliponiita na kuniambia kuna nafasi moja ya mafunzo Mbeya, siku tano, nilikubali kabla hajamaliza kusema ni mafunzo ya nini.

Yalikuwa ya zile S tano, njia ya kupanga na kutunza sehemu ya kazi. Walio kwenye hospitali za serikali wanazijua: Sasambua, Seti, Safisha, Sanifisha, Shikilia. Zilianzia viwandani Japani, na kule kila neno linaanza na S vilevile, kwa hiyo aliyetafuta maneno ya Kiswahili alifanya kazi. Mkufunzi alitueleza jinsi hospitali moja ya akina mama kule Colombo, Sri Lanka, ilivyozichukua kutoka viwandani na kuziingiza wodini, na jinsi mwaka 2007 Wajapani wa JICA, shirika lao la misaada, walivyosaidia zifike Afrika, na hapa kwetu Hospitali ya Rufaa Mbeya ikawa ya kwanza kuzijaribu. Walitutembeza humo. Nilisimama mbele ya kabati la dawa nikaona kila kitu kina jina lake na mahali pake, hata mkasi umechorewa kivuli ubaoni ili usiporudishwa pengo lionekane. Nilipiga picha kwa simu yangu ndogo, picha zikatoka na ukungu, lakini nilizitazama usiku kama picha za harusi.

Siku ya nne mchana nilitoroka. Sina neno jingine. Nilimwambia jirani yangu wa meza anisainie mahudhurio, nikapanda daladala hadi Mwanjelwa kununua mchele wa Kyela kilo ishirini, maana nyumbani nisingeeleweka kurudi kutoka Mbeya mikono mitupu. Kilichofundishwa mchana ule nilikuwa nacho kwenye kabrasha, nikajiambia nitakisoma. Ijumaa nikapokea cheti, nikapiga picha na mkufunzi, Jumamosi alfajiri nikapanda basi na mchele wangu.

Wiki iliyofuata nikapigilia msumari ofisini na kutundika cheti pale ambapo kila anayeingia lazima akione. Kisha nikachagua Jumamosi, siku ambayo wodi ina watu wachache, nikaja na karatasi nyekundu nilizokata mwenyewe na gundi. Kanuni ya S ya kwanza ni kwamba kitu kisicho na kazi kinabandikwa karatasi nyekundu na kuondolewa. Wauguzi tunapenda mpira, tukaziita kadi nyekundu.

Nilitoa kadi kama refa aliyekasirika. Vining'inizio vya dripu vilivyopinda, nje. Mzani wa watoto usio na mshale, nje. Beseni zilizotoboka, makasha ya sindano, viti vya miguu mitatu, nje. Chini ya sinki la chumba cha kusafishia vyombo nikakuta mashine ya kufyonza mate na povu mdomoni mwa mgonjwa, ya kukanyaga kwa mguu. Ya zamani, chuma chake cha kukanyagia kina kutu, mpira wake umezungushiwa plasta. Nikafungua leja: tunazo mbili za umeme, zote nzima. Nikaandika kwa kalamu kubwa HAIFAI, na tarehe, nikabandika.

Mhudumu wetu mkubwa alikuwa zamu siku ile. Tulimwita Bibi, kila mtu, hata madaktari. Alikuwa amekaa wodi ile miaka mingi kuliko vitanda vyake. Alisimama mlangoni na ndoo, akatazama mashine inavyobebwa.

"Sista, hiyo nayo inakwenda?"

"Inakwenda, Bibi. Imechoka."

"Haya," akasema. Kisha akaongeza, kama anaongea na ndoo, "Hata mpirani refa humwuliza kibendera."

Wale vijana wawili wa usafi walicheka. Mimi sikucheka. Vitu vyote vikaenda kwenye banda la vifaa chakavu nyuma ya dobi, kwa sababu mali ya serikali haitupwi hivihivi, inasubiri kamati na saini. Banda lilifungwa kwa kufuli, na funguo zilikaa na watu wa ugavi, ambao jioni huenda makwao mjini kama watu wote wenye akili. Jumatatu Metroni alipita wodini, akasimama katikati, akasema, "Ama kweli!" Nilivimba wiki nzima kwa maneno mawili hayo.

Haikupita hata mwezi. Nyumba yangu ilikuwa ndani ya uzio wa hospitali, na saa nane usiku simu ikalia. Muuguzi wa zamu, binti mwaka wake wa kwanza kazini, aliniambia maneno matatu tu: "Inchaji, kifafa, giza." Nilitoka na kitenge na kandambili.

Msichana wa miaka 19, mimba ya kwanza, aliletwa jioni kichwa kikimuuma na presha iko juu. Alianza kutetemeka mwili mzima wakati uleule umeme ulipokatika. Kifafa cha mimba hakisubiri mtu. Mama analazwa kwa ubavu wa kushoto, anapewa magnesiamu, dawa ya kuzuia kifafa hicho, na la haraka kuliko yote ni kuhakikisha njia ya hewa iko wazi, maana povu na mate vinaweza kumkaba kabla dawa haijaingia mshipani. Mashine mbili za umeme zilikuwa pale, safi, zimepangwa sambamba kwenye kibandiko nilichoandika mwenyewe, na hazikuwa na faida yoyote. Jenereta ilikuwa inasubiri mtu wa kuiwasha, na mtu huyo alikuwa njiani kwa baiskeli.

Nilipoingia, nilisikia kabla ya kuona. Fyu, tap. Fyu, tap. Binti wa zamu alikuwa ameshika mrija mdomoni mwa mgonjwa, tochi ya simu kaibana shingoni. Daktari alikuwa kapiga magoti anatafuta mshipa. Na Bibi alikuwa amesimama kashika ukingo wa kitanda, mguu wake wa kulia ndani ya ndala ya bluu unakanyaga ile mashine ya kutu, taratibu, kwa mdundo mmoja, kama mtu anayeshona kwa cherehani. Chupa ilikuwa imefika robo. Karatasi yangu nyekundu ilikuwa bado imeganda ubavuni mwa mashine, kona moja imebanduka, na kila alipokanyaga ilipepea. Kwenye mwanga wa tochi niliusoma mwandiko wangu.

Nikamwambia, "Bibi, nikupokee." Akatikisa kichwa. "Wewe mshikilie mwenzio mrija, mkono unamtetemeka. Huku najua."

Umeme wa jenereta ulikuja baada ya kama dakika ishirini. Gramu 4 za magnesiamu zilikuwa zimeshaingia. Asubuhi alifanyiwa upasuaji, mtoto wa kike, kilo 2.3, akalia mwenyewe. Wote wawili walirudi nyumbani.

Mashine ilifikaje pale? Bibi aliposikia binti anapiga kelele za sakshen, yaani mashine ya kufyonza, alikimbia dobi, akamwamsha mlinzi, na mlinzi alivunja kufuli kwa tofali. Hivyo tu. Lakini serikalini kufuli ni mali, na saa nne asubuhi watu wa ugavi walikuwa wameshaandika: mlinzi na mhudumu watoe maelezo kwa maandishi kwa nini wamevunja ghala bila kibali, na gharama ikatwe kwao.

Barua ile ilipitia mezani kwangu. Nilikaa nayo. Wanaofikiri uongozi ni kutoa amri hawajawahi kukaa na karatasi inayomtaka mtu mwingine ajieleze kwa kosa lako, na wewe ndiye wa kugonga muhuri ipite. Ningeweza kuipitisha. Hakuna aliyekuwa anauliza juu yangu.

Niliandika barua yangu mara tatu. Ya kwanza iliulaumu umeme. Ya pili ilikuwa na maneno kama "mawasiliano hafifu baina ya idara", nilipoisoma tena nikaona inanukia woga. Ya tatu ilikuwa fupi: kufuli limevunjwa kwa sababu kifaa kilichokuwa ndani hakikupaswa kuwa ndani, aliyekipeleka ni mimi, bila kuwauliza wanaokitumia, wawili hawa wameokoa maisha, na kufuli nitalinunua. Nikaipeleka mwenyewe kwa katibu wa afya. Aliisoma, akavua miwani, akaisoma tena. "Sista," akasema, "barua ya aina hii hata sijui naifaili wapi." Kufuli nililinunua siku hiyohiyo, la Kichina, na funguo zake tatu.

Usiku ule ndipo nilipolifungua kabrasha. Ukurasa wa siku ya nne mchana, ule wa mchele. Yalikuwa yameelezwa yote: kusasambua si kazi ya mkubwa wa idara peke yake, ni ya timu, hata mfagizi, kitu chenye utata hakiondolewi, kinawekwa mahali pa kusubiria ndani ya idara kwa muda mliokubaliana, na wanaokigusa kila siku ndio wanaosema kama kina kazi. Kulikuwa na mchoro kabisa. Nilicheka peke yangu, kisha nikanyamaza, kwa sababu mchele wenyewe ulikuwa jikoni umebaki nusu yake.

Jumatano iliyofuata niliita wodi nzima nusu saa kabla ya kubadilishana zamu. Nilisimama nikawasimulia habari za Mwanjelwa. Sikuwa nimepanga kusimulia hilo, lilitoka tu. Vijana walicheka mpaka mmoja akatoka nje. Nikaweka ile mashine mezani, na kadi yake, nikasema tunaanza upya, vitu vyote vinarudi, na safari hii kila kitu kitaulizwa.

Walinyamaza. Watu waliozoea mkutano wa kuambiwa hawaanzi kusema kwa sababu umewaruhusu. Bibi mwenyewe alikuwa hajawahi kukaa kikaoni, vikao kwake vilikuwa ni kuleta viti. Jumatano ya kwanza hakusema neno, na ya pili vilevile. Ya tatu tulikuwa tunachora mfupa wa samaki, ule mchoro wa kutafuta vyanzo vya tatizo, nyuma ya kalenda ya zamani, tunatafuta kwa nini mashine za kufyonza hazipatikani zinapohitajika. Sisi wenye vyeti tulijaza mifupa kwa mambo makubwa: bajeti, umeme, upungufu wa watumishi. Bibi akanyoosha kidole kama mtoto wa shule.

"Mimi naona ni ile soketi," akasema. "Soketi nzima ni moja, nayo iko nyuma ya kabati. Ninyi mmeliweka kabati."

Tulikwenda wote kutazama. Kabati nililihamisha mimi, kwenye S ya pili, ile ya kupanga vitu. Tulilisogeza palepale, watu wanne, na hakuna aliyenitazama usoni, jambo nililolishukuru.

Baada ya hapo nimehudhuria mafunzo mengi. Ya usimamizi wa rasilimali watu, ya kuandaa bajeti, mengine ya mtandaoni ambayo unasikiliza huku unapika. Siku hizi tunadaiwa ushahidi wa mafunzo endelevu ili leseni ihuishwe, na vijana wanalalamika, nami huwa nawaambia walalamike lakini wasitoroke siku ya nne. Lakini vile vikao vya Jumatano ndivyo vilivyonifundisha kazi. Viliendelea muda wote niliokuwa pale, na vingine havikuzaa kitu zaidi ya chai.

Ile mashine ilipata mahali pake ukutani, chini ya dirisha, kivuli chake kimechorwa kwa rangi nyekundu. Kibandiko aliandika Bibi mwenyewe, herufi kubwa, polepole, ulimi katoa pembeni ya mdomo: YA MGUU. NI NZIMA. ULIZA.

Ufunguo wa akiba wa banda tulikubaliana ukae wodini, ofisini kwangu karibu na mlango, mahali ambapo mtu anaupapasa gizani na kuupata. Ukutani hapo palikuwa na msumari mmoja tu. Nilishusha cheti, nikakiweka kwenye droo pamoja na lile kabrasha, nikatundika ufunguo.