Giverny, kwa mzee Monet

Treni ya Vernon huondokea Saint-Lazare, stesheni ileile ya Paris ambayo mchoraji Mfaransa Claude Monet aliichora mara kadhaa mwaka 1877, moshi ukiwa umetanda chini ya paa. Safari haifiki hata saa moja. Niliposhuka Vernon niliwaachia wenzangu basi, nikavuka mto Seine kwa miguu, nikashika njia ya Giverny, kijiji alichoishi Monet, mwendo wa kilomita tano hivi. Ilikuwa Septemba, jua la Normandy likiwaka kwa kujizuia.

Nyumba ni ndefu na nyembamba, kuta za rangi ya waridi, mbao za madirisha kijani. Monet aliipanga mwaka 1883, mfuko mtupu, pamoja na Bi Alice, aliyekuja kuwa mkewe, na watoto wanane, wake na wa mama huyo. Mwaka 1890 ndipo alipoweza kuinunua. Mbele ya mlango palikuwa na shamba la mitufaha na njia yenye miti mirefu ya giza, nayo akaanza kuikata. Bi Alice akapinga. Mzozo wao uliacha alama: miti miwili iliyo karibu na nyumba imesimama hadi leo.

Njia hiyo sasa imemezwa na maua ya kapusini, ya machungwa na manjano, yanayotambaa kutoka pande zote mbili hadi changarawe haionekani. Dalia zimenizidi kimo. Kila tuta limepangwa kwa rangi, kama mchoraji anavyopanga wino wake. Na hapo nikaona nilivyozoea vingine. Kwetu pwani, ukisifu bustani ya mtu unasifu harufu: asumini, kilua, mlangilangi. Ua hupandwa livaliwe, na jioni huishia kwenye kikuba cha bibi fulani. Hapa hakuna achumaye, na pua yangu ilipata udongo mbichi zaidi kuliko kitu kingine.

Bwawa liko ng'ambo ya barabara, unafika kwa njia ya chini ya ardhi. Zamani hapo katikati ilipita reli. Monet alinunua kiwanja hicho mwaka 1893, akaomba kibali cha kuchepusha maji ya mto Epte. Wanakijiji wakakataa, wakihofia mimea yake ya kigeni itawaharibia maji. Mimi ningekuwa upande wao. Mtu kaja juzi, hana ng'ombe wala shamba la ngano, anataka mto kwa ajili ya maua ya kutazama! Lakini kibali kikatoka.

Mayungiyungi kwetu huota mabwawani bila kubembelezwa na mtu. Hata kuna la buluu ambalo wataalamu wa mimea wamelipa jina la Zanzibar. Hapa yaliwekewa mtumishi. Mmoja wa watunza bustani wa Monet kazi yake ilikuwa kupanda mashua asubuhi, kung'oa majani yaliyooza na kuyaosha mengine vumbi kabla bwana hajaja na brashi. Magari yalipoanza kutimua vumbi, Monet akatoa fedha zake barabara itiwe lami. Nilipokuwa pale, kijana mmoja alikuwa majini ndani ya mashua, akivuta takataka kwa wavu, nami nikamtazama muda mrefu kuliko nilivyoyatazama maua. Picha zile za mayungiyungi zinazosifiwa kwa utulivu wake zilichorwa kwenye maji yaliyofagiliwa, na waliofagia walikuwa watu wa mshahara.

Monet alifariki mwaka 1926. Blanche, binti wa Bi Alice na pia mke wa mwanawe Monet, aliendelea kuitunza bustani. Alipofariki yeye, magugu yakashika usukani. Mwaka 1966 mali ikaangukia Akademia ya Sanaa ya Ufaransa, paa likivuja na daraja la bwawani, la mtindo wa Kijapani, likioza majini. Ukarabati ulianza miaka ya 1970, kwa fedha nyingi kutoka Marekani, na mwaka 1980 wageni wakafunguliwa mlango.

Kwa hiyo daraja la kijani ambalo kila mtu hupigia picha ni jipya, limejengwa kwa kufuata lile la mwanzo. Foleni ya kupanda ilikuwa ndefu. Nilipofika katikati, nikainama kutafuta yungiyungi la buluu, mama mmoja akanigusa bega na kuniomba nisogee: nilikuwa nimesimama ndani ya picha ya mumewe.