Usiku niliobeba ndoo

Hii ni Desemba 2018, miezi mitatu tu baada ya bondia wetu Mwakinyo kumpiga Mwingereza Sam Eggington kule Birmingham raundi ya pili, na kama ulikuwa Dar kipindi kile unakumbuka jinsi kila kijana alivyojiona bondia. Jimu yetu ya Manzese, ambayo kusema ukweli ilikuwa uani kwa mtu, begi mbili zimening'inia kwenye mwembe, ilijaa wiki ya kwanza mpaka tukakosa pa kukanyaga, wiki ya tatu tukabaki walewale saba.

Mi nilikuwa kwenye wale saba ila kupigana nilishaacha. Pambano langu la mwisho nilidondoshwa raundi ya kwanza, refa hajahesabu hata tatu nishasimama, na wakati ananimalizia nane zake za lazima mi narukaruka nawapungia mkono washkaji wa Mtogole waone sijaumia. Ile kuruhusiwa tu kuendelea nikala nyingine palepale, kuja kushtuka nimelazwa juu ya meza namwagiwa maji. Tangu hapo kazi yangu ikawa ndoo, taulo na barafu.

Siku hiyo bingwa wetu (simtaji, hapendi mambo ya mtandaoni) alikuwa anatetea mkanda, raundi 10. Jana yake katoka kupima uzito akaenda zake Mabibo kushusha ndizi kama kawaida, mwalimu alimfokea mpaka sauti ikakauka. Chumba cha kubadilishia ilikuwa stoo ya ukumbi, tumekaa juu ya makreti ya bia, mi nimeshika bandeji mwalimu anamfunga, nikaona mikono ya jamaa inatetemeka. Nikajua baridi. Dar, Desemba, baridi itoke wapi!

Nikamuuliza kwa sauti ya chini, "Kaka, unaogopa?"

"Sana. We yule hujamuona?"

Akaendelea kujipaka mafuta ya mgando usoni kama mtu anayejiandaa kwenda kazini. Nilivunjika moyo kabisa, maana mi miaka yote nilidhani bingwa ni mtu ambaye hofu imeng'olewa kama jino.

Mwalimu akaanzisha stori yake ya Kinshasa, ambayo tumeisikia mara elfu, kwamba Ali mwaka 1974 alikuwa na miaka 32 na Foreman kashapigana mapambano 40 hajapoteza hata moja, Ali akalala kwenye kamba akamwacha jamaa apige mpaka mikono ikawa mizito, raundi ya nane akamlaza. Bingwa akamkatisha, "Mwalimu, kamba za leo zimelegea, nikizilalia naangukia kwenye meza za wageni." Tukacheka wote. Halafu akasema kitu alichokuwaga anasema kila pambano na mi nikawa napuuzia: "Raundi ya kwanza nipe kazi moja tu."

"Kushoto. Toa kushoto, rudi."

Raundi tano za mwanzo hazina stori, alitoa kushoto akarudi, basi. Ya sita akapigwa ngumi ya ini, na wanaojua ngumi wanajua ile haizimi kichwa, unabaki na akili zako zote ila miguu inagoma. Akapiga goti. Ukumbi mzima umesimama, "Amka! Amka!", na ilipofika tatu nahisi miguu yangu mwenyewe inataka kunyanyuka pale konani. Yeye katulia na goti lake, anaangalia vidole vya refa kama abiria anayesubiri chenji kwa konda. Nne. Tano. Kuna mtu nyuma yangu akapiga kelele "Muoga huyo!" Sita. Saba. Nane ndo akasimama, akamkumbatia mpinzani wake, akang'ang'ania hivyohivyo mpaka kengele ikalia.

Alivyorudi konani hakulalamika ubavu wala hakuuliza watu wanasemaje. "Kazi gani?"

"Pumua," mwalimu akamwambia.

"Hiyo tu?"

"Hiyo tu."

Ya saba alipumua kweli, hakuna la maana alilofanya. Ya nane akarudi na kushoto yake, na mwisho wakampa kwa pointi, majaji wawili kwa mmoja.

Asubuhi nikamfuata Mabibo, lori limeshaingia, ubavu kaukaza kwa kitambaa chini ya fulana. Nikamuuliza pale chini alikuwa anawaza nini, watu wanamzomea vile, mkanda unaondoka, nikitegemea aniambie habari za mama yake au watoto.

"Nilikuwa nahesabu na refa. Zile sekunde nane ni zangu, nimezilipia kwa ubavu. We za kwako ulimwachia nani?"

Sikuwa na jibu. Akanionyesha mkungu kwa kidevu, nishike upande wa pili tuushushe, dereva anapiga honi.