Niliombwa majina sita

Kampuni niliyoifanyia kazi kwa miaka 9 ilikuwa ikisambaza mbolea, mbegu na dawa za mimea kutoka ghala letu la Iyunga, hapa Mbeya, hadi Tukuyu, Mbozi, Makambako na Makete. Tulikuwa watu 34. Mwezi Juni mwaka juzi, katika kipindi cha baridi ambapo wakulima wako kwenye mavuno na ghala huwa limetulia, walikuja wageni wawili kutoka makao makuu Dar es Salaam, wakakaa siku tatu katika ofisi ya meneja mlango ukiwa umefungwa, kisha wakaondoka bila kuzungumza na yeyote kati yetu. Wiki saba baadaye tulibaki 19.

Watu wanapozungumzia upunguzaji wa wafanyakazi huhesabu walioondoka na fedha walizolipwa, na ni haki wahesabiwe. Mimi nilikuwa miongoni mwa waliobaki, na ninaandika kwa upande huo.

Katika wiki hizo saba hakuna aliyetuambia jambo lolote, na kwa hiyo kila mmoja alijitafutia maelezo yake. Wapakiaji waliangalia ni nani anaitwa ofisini na anatoka na uso wa namna gani. Watu waliozoea kubadilishana zamu pindi mtoto anapougua waliacha, kwa hofu kwamba siku utakayokosekana ndiyo itakayoandikwa. Hata salamu za asubuhi getini, ambazo kwetu huanzia kwa mtu mwenyewe zikafika kwa mama mzazi kijijini na mahindi shambani, zilifupishwa hadi kuwa neno moja. Wiki ya nne tulivunja kikoba chetu cha kila Ijumaa, kilichokuwa kimelipa ada za watoto wengi pale, kwa kuwa hakuna aliyethubutu kumdhamini mwenzake asiyejua kama mwezi ujao atakuwa na mshahara. Kwa maoni yangu timu yetu ilikufa Ijumaa ile, kabla hata barua hazijaandikwa.

Wiki ya tano meneja aliniita. Aliniambia niandike majina sita ya watu wa kitengo changu ambao kazi ingeweza kwenda bila wao, nisimwambie mtu, nimkabidhi kesho yake asubuhi. Nilimwuliza vigezo ni vipi, akanijibu kwamba mimi ndiye ninayewajua watu wangu. Nilikaa na karatasi ile nyumbani hadi usiku wa manane. Nikianza na walioajiriwa mwisho, ninamwondoa kijana aliyekuwa hodari kuliko wote katika kupanga mzigo. Nikianza na wenye umri mkubwa, ninamwondoa dereva aliyenifundisha mimi mwenyewe kazi nilipofika. Niliyaandika majina sita, la dereva likiwamo. Jambo hilo halijaniishia moyoni hadi leo.

Baadaye sana ndipo nilipoisoma Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004, na ninasikitika kwamba sikuisoma mapema. Kifungu chake cha 38 kinamtaka mwajiri atoe taarifa ya nia ya kupunguza wafanyakazi mara tu anapoanza kuifikiria, aeleze taarifa zote zinazohusika, na ashauriane na wafanyakazi au chama chao kuhusu sababu za kupunguza, njia za kuepuka au kupunguza makali yake, namna ya kuwachagua watakaoondoka, muda wa utekelezaji na kiinua mgongo. Karatasi yangu ya siri ilikwenda kinyume kabisa na maneno hayo. Sisi tuliitiwa mkutano wa nusu saa siku ya Alhamisi, ukaitwa wa ushauriano, na barua zilikuwa tayari juu ya meza. Zamani nilidhani ushauriano wa namna hiyo ni utaratibu wa kumlinda anayeondoka peke yake. Sasa naamini unamlinda pia anayebaki, kwa sababu mtu aliyesikia vigezo vikijadiliwa hadharani anaweza kuendelea kumtazama mwenzake usoni, hata kama vigezo vyenyewe vilimwumiza mwenzake huyo.

Dereva wetu alikuwa na miaka 16 kazini. Kiwango cha chini cha kiinua mgongo katika sheria hiyo ni mshahara wa msingi wa siku 7 kwa kila mwaka kamili wa utumishi, lakini miaka inayohesabiwa haizidi 10. Kwa hiyo alilipwa siku 70, na miaka yake 6 haikuingia popote.

Kilichofuata katika ghala sikukitarajia. Nilidhani watu wangelegea, kumbe walifanya kazi kwa bidii ya kutisha, ila kila mmoja alianza kuficha anachokijua. Mtunza stoo aliacha kuandika katika daftari mahali zilipo bidhaa zinazotoka kwa nadra, akazihifadhi kichwani, kwa imani kwamba mtu ambaye peke yake anajua jambo fulani hawezi kuondolewa kirahisi. Msimu wa mbolea ulipofika mwezi Novemba, siku aliyokuwa mgonjwa tulitafuta mbegu za mboga kwa saa nne. Sikuwa na uso wa kumlaumu. Kabla ya Pasaka, watu wawili ambao makao makuu yalikuwa yamesisitiza wabaki waliacha kazi wenyewe, mmoja akaenda Tunduma na mwingine akarudi kulima viazi kwao Isyonje. Mimi nilifuata mwezi wa saba.

Baba yangu alipunguzwa kazi miaka ya 1990, wakati mashirika ya umma yalipokuwa yakibinafsishwa, na aliwahi kuniambia kwamba kilichomwuma kuliko barua ni wenzake waliobaki, ambao walikuwa wakivuka barabara wasikutane naye. Nilipokumbuka maneno hayo nilikwenda Uyole kumtembelea yule dereva, nikamweleza kuhusu karatasi.

"Nilijua, mwanangu," alisema. "Ulikuwa umeacha kupanda kwenye gari langu."

Hakuniambia kwamba amenisamehe, nami sikumwomba aseme hivyo. Mkewe alileta chai. Baada ya muda aliniuliza ni nani anayepeleka mzigo Makete siku hizi, nikamtajia kijana mmoja. Akanisihi nimpigie simu kijana huyo nimwambie kwamba, mvua zikianza, aondoke Isyonje kabla ya saa mbili asubuhi, kwa kuwa mchana ukungu wa Kitulo ukishashuka haoni ukingo wa barabara, na kwamba kwenye mteremko wa mwisho asiiamini breki peke yake. Nilimpigia pale pale, simu ikiwa mezani kati yetu, na mzee akamweleza mwenyewe, kona moja baada ya nyingine.