Bao letu la usiku

Natoka nyumbani Chamazi saa kumi na moja alfajiri, watoto wamelala. Narudi saa mbili usiku, na Barabara ya Kilwa ikikorofisha pale Mtoni kwa Aziz Ali, saa tatu. Mimi ni seremala, nipo Keko. Mteja akitaka kitanda chake Ijumaa, basi ni Ijumaa, uwe na watoto usiwe nao. Siku yangu ni Jumapili peke yake, na kwa muda mrefu niliitumia kulala mchana na kuuliza maswali jioni.

Maswali yenyewe hayakunipa kitu. "Shule vipi?" "Safi." "Na hesabu?" "Safi." "Yule rafiki yako wa Msongola?" "Yupo, safi tu." Kijana wangu wa kwanza ana miaka 13, anayemfuata ni binti wa miaka 9, halafu kuna mdogo anayeanza kutembea. Yule mkubwa ana adabu zote, shikamoo haikosi, begi ananipokea mlangoni, kisha macho yanarudi kwenye simu ya mama yake. Sikumlaumu. Mtu anayekuja giza na kuondoka giza utamsimulia nini, na uanzie wapi?

Kilichonifumbua macho ni karakana. Sisi mafundi tukikaa kunywa chai hatuongei la maana, ni Simba na Yanga na bei ya mbao. Lakini wape watu wawili meza moja waipige msasa, mmoja huku mwingine kule, baada ya robo saa utasikia mambo ya ndoa, madeni, mama anayeumwa kijijini. Mikono ina kazi, macho yako kwenye mbao, hakuna anayemkodolea mwenzake. Nikajiuliza, nyumbani kwangu tunashika nini pamoja? Hatushiki kitu. Kila mmoja kashika chake.

Nikaamua kuchonga bao.

Bao nilifundishwa na marehemu baba, Kilwa Masoko, kwanza kwenye mashimo ya kuchimba mchangani, baadaye barazani kwenye bao lenyewe. Karakana kulikuwa na kipande cha mninga kilichobaki kwenye kazi ya mlango, urefu futi mbili na nusu hivi, bosi akanipa. Nikachora safu 4 za mashimo 8. Mashimo 30 ni ya mviringo na 2 ni ya mraba. Hayo mawili ndiyo nyumba, moja ya kila mchezaji. Keekee inaanza, patasi inafuata, halafu unakunja msasa kwenye kidole gumba na kuzungusha, unazungusha, mpaka shimo liwe linateleza kama ndani ya kibuyu. Hapo kwenye msasa ndipo penye kazi. Shimo likibaki na kona, kete zinang'ang'ania, mtu anadhani kazichota zote kumbe mbili kaziacha, ugomvi unaanzia hapo. Ilinichukua wiki mbili za saa zangu za chakula cha mchana. Dada yangu akanitumia kutoka Kilwa kikopo cha komwe, zile mbegu za kijivu za mkomwe, ngumu, baridi kiganjani. Nikahesabu 64, zilizozidi nikaziweka akiba.

Siku ya kwanza niliharibu mwenyewe. Nilitaka kuwafundisha yote kwa mkupuo: namua, takata, kichwa, kimbi, mtaji, nyumba inaposafiri na isiposafiri, na ilikuwa saa tatu usiku. Binti akanichanganyia kete mara mbili, mara ya tatu nikapandisha sauti. Kaka yake akasema taratibu, "Baba, tukalale." Wakaenda. Nililala vibaya usiku ule, naona kama wiki zangu mbili zimemwagika.

Asubuhi kwenye daladala nikakumbuka kwamba mimi mwenyewe sikuanza hivyo. Baba alinianzisha na bao la kujifunza: kila shimo kete 2, hakuna kete za akiba mkononi, hakuna nyumba. Unachota, unasambaza, ukiangukia penye kete na mbele yako pana za mwenzako unakula, ukiangukia patupu umelala, zamu imekwisha. Basi. Tulikaa na bao hilo kama mwezi mzima. Nilipoona wanasambaza bila kutazama vidole ndipo tukaingia kwenye bao la kete kamili, kila mmoja anaanza na 6 nyumbani, 2 na 2 kwenye mashimo mawili ya kulia kwake, na 22 mkononi za kunamua, yaani kuzitia baoni mojamoja.

Jambo lililonisaidia kuliko yote nililigundua kwa bahati. Usiku mmoja tulikuwa katikati ya mchezo na umeme ukakatika. Sikutaka kuuvunja, nikalinyanyua bao na kete zake ndani, nikaliweka juu ya kabati la vyombo. Kete za mkononi nikazitia kwenye vikombe viwili, kimoja changu, kimoja chao. Kesho yake nafika mlangoni, kabla sijavua viatu, binti ananiambia, "Baba, sisi tumeshajua tunachocheza." Walikuwa wamelifikiria mchana kutwa! Tangu hapo hatumalizi mchezo kwa usiku mmoja. Tunakula kwanza, mama watoto hataki mchezo na chakula kupoa, halafu dakika 20, zamu chache tu, wao wawili upande mmoja na mimi upande wangu, kisha bao linapanda kabatini. Mchezo mmoja unaweza kwenda siku tatu, hata nne. Nikiwa Keko napiga randa, najua kuna watu wawili nyumbani wananisubiri waninyang'anye nyumba, na mimi nawaza nitawazuiaje.

Mwenye mtoto mdogo ndani azingatie hili: komwe inaingia mdomoni kirahisi. Wa kwetu tulimkuta nayo shavuni, mama yake akaitoa kwa kidole. Sasa kete zinahesabiwa kabla ya kuanza na baada ya kumaliza, na bao halikai chini hata dakika moja bila mtu mzima.

Watoto wangu nimewajua upya pale mkekani. Binti ni mtunzaji. Nyumba yake ataipakia kete mpaka inafura, hataki kuisafirisha, yaani kuzichota kete zake azisambaze, anaweza kuacha pengine pote pawe patupu ilimradi nyumba imesimama. Kaka yake anasafiri mapema, anapenda ule mzunguko mrefu, kete zinadondoka tik tik tik mpaka kichwa cha pili, shimo la mwisho la upande ule, na kurudi. Wakiwa upande mmoja lazima wasemezane, mmoja amvute mwenzake, na kwenye kusemezana huko ndiko mengine yanakotoka. Sikuulizi, unasema tu.

Ndivyo nilivyojua habari ya macho. Kijana alikuwa anahesabu kete za safu yangu ya nyuma, akasema, kama anayeongea na bao, "Mwalimu amekataa nihamie mbele." Nikasambaza kete zangu kwanza. Nikasema, "Ulitaka mbele kuna nini?" "Nyuma sioni ubaoni." "Tangu lini?" "Tangu muhula ulivyoanza." Miezi miwili na zaidi! Miezi miwili nauliza hesabu vipi, naambiwa safi. Niliomba ruhusa kazini siku ya Jumatatu, tukaenda hospitali, akapimwa, akapewa miwani. Siku ya kwanza kuivaa alisimama uani akitazama mnazi wa jirani. Akaniambia anaona makuti mojamoja. Mimi niliingia ndani, sikuweza kusimama pale.

Yapo pia maneno ya watu. Jirani yangu, mtu mzima ninayemheshimu, alimkuta binti amekaa na bao barazani akaniambia bao ni mchezo wa wanaume, mtoto wa kike umfundishe upishi. Najua alikotoa, huku pwani barazani wengi wanaolicheza ni wanaume, nami nimekua nikiona hivyo. Lakini sijaona ni kidole kipi cha kike kinachoshindwa kudondosha kete. Jumamosi iliyofuata nilitoka kazini mapema nikamchukua hadi kijiwe cha wazee, chini ya mwembe. Wazee wale wakitaka kuupa mchezo heshima hukukumbusha kwamba Mwalimu Nyerere alikuwa mchezaji wa bao, rais akakaa na kete kama wao. Binti akawaamkia wote, akachuchumaa pembeni, akatazama michezo miwili hatoi neno. Mwishoni mzee mmoja akamuuliza, "Mjukuu, huyu angecheza wapi?" Akanyoosha kidole. Mzee akacheka kwa furaha, akampisha kiti acheze zamu hiyo. Aliporudi nyumbani hakunyamaza mpaka analala, na sasa Jumamosi ananiuliza kama tunakwenda kwa babu.

Mwezi uliopita mama watoto alikuwa anafuta kabati, kitambaa kikanasa pembe ya bao, kete zote chini. Nilirudi nikakuta nyumba imenuna. Mchezo ulikuwa wa siku ya tatu na mimi ndiye niliyekuwa nimebanwa. Nikasema tuanze upya, mwenyewe nafurahi moyoni. Binti akasema hapana. Akafumba macho, akaanza kutaja: shimo la kwanza huku mbili, la pili hamna, la tatu tano, anaenda hivyo hivyo mpaka safu zote nne, kaka yake anaweka. Walipofika kimbi ya kulia kwangu, lile shimo linalofuatana na kichwa, wakabishana, mmoja anasema zilikuwa nne, mwingine tatu. Nikadhani patavunjika. Yule mkubwa akachukua daftari, akajumlisha zote pamoja na za vikombeni. Kwa nne zinakuja 65. Kwa tatu zinakuja 64. "Ni tatu," akasema, na dadake akakubali. Kete moja hatukuipata chini ya kochi wala nyuma ya friji. Ile akiba kikopo chake kilishapotea, kwa hiyo binti akaleta mbegu ya ubuyu aliyoimumunya hadi ikawa safi, ndogo kuliko wenzake, na hiyo ndiyo tunayochezea mpaka leo. Mchezo ule nilifungwa, tena mkononi, kete zangu bado ziko kikombeni.

Wiki iliyopita tulipata kazi ya meza nyingi za ofisi, mteja anazitaka Jumatatu, ikabidi nilale karakana usiku mbili. Usiku wa kwanza, saa mbili na nusu, simu ya mama watoto ikaita, sauti ni ya binti. "Shikamoo baba. Zamu yako."

"Marahaba mama. Sina bao huku."

"Chukua chaki. Nakutajia."

Nikavuta kipande cha plaiwudi, nikachora mistari, safu nne za nane, nikamwaga skrubu pembeni. Akanitajia shimo baada ya shimo, polepole, kaka yake anamrekebisha nyuma. Mkononi nilikuwa nimebakiwa na tano. Mafundi waliokuwa kwenye msasa wakasogea na vumbi lao, mmoja akaleta taa. Yule mzee wetu wa vanishi akainama juu ya bega langu, akaanza kunong'ona kuhusu nyumba.

"Baba," sauti ikasema kwenye simu, "nani anakusaidia?"

Nikamwomba mzee akae kwenye benchi. Nikachukua skrubu moja, nikaitia shimo la tatu, nikaanza kula.